Kuseti bolti ya marka ya peintiboli isikate mipira: mwongozo kamili

Mpira wa rangi ukikatwa na bolti (kipande kinachousukuma mtutuni) ndani ya chemba ya marka, yaani bunduki ya peintiboli, utajua tu. Mlio unabadilika, ukungu wa rangi unatoka mdomoni mwa mtutu, na mipira mitano inayofuata inapinda kila upande. Wengi wakiona hivyo hukimbilia skrubu ya regyuleta (kidhibiti cha presha ya hewa): nusu mzunguko huku, robo kule. Mipira inaendelea kukatwa, na sasa kasi nayo imevurugika.

Kosa ni mpangilio. Nguvu ya bolti ndiyo inayorekebishwa mwisho. Kwanza mpira ufike mahali pake, utulie, uonekane na macho ya marka (vijicho vinavyotambua kama mpira upo chembani). Ukianzia kwenye regyuleta unatibu homa bila kupima malaria.

Hapa tunazungumzia marka za elektroniki zenye valvu ya kugongwa (kilango cha hewa kinachofunguka kikigongwa) na regyuleta mbili, kama Ego na Etek za Planet Eclipse, na nyingine za muundo huo. Marka za spuli, ambazo bolti yenyewe ndiyo hufungua njia ya hewa, zina mpangilio mwingine wa presha. Marka za kukodisha zisizo na umeme, kama Tippmann 98, hazina macho wala regyuleta ndogo ya bolti. Ukiwa nayo hiyo, hatua ya 1 na ya 2 zitakufaa, na jaribio la vizuizi (vinavyoushika mpira usiteleze mtutuni) lililo kwenye hatua ya 3.

## Vifaa

Viandae vyote mezani kabla hujafungua skrubu hata moja.

- Kipima kasi cha mipira. Bila hicho usianze, utakuwa unabahatisha.
- Mtungi wa hewa iliyoshindiliwa uliojaa. Usitumie CO2: majimaji yake baridi yanaharibu solenoidi (valvu ya umeme) na oringi (pete za kuzibia hewa).
- Betri mpya ya volti 9, au ile inayotakiwa na marka yako.
- Mipira 150 hadi 200 ya mfuko mmoja, isiyo na vibonyeo.
- Seti ya alenki za inchi. Za milimita huingia kwa kulazimisha na kula vichwa vya skrubu.
- Grisi iliyopendekezwa na mtengenezaji wa marka.
- Pamba za masikio, kitambaa kisichoacha nyuzi, maji safi ya uvuguvugu.
- Oringi za akiba na jozi moja ya vizuizi.
- Kalamu ya alama na karatasi.
- Mirija miwili mitatu ya soda, ile laini ya plastiki.
- Barakoa ya peintiboli na soksi ya mtutu (kifuniko cha kitambaa cha mdomo wa mtutu).

WD-40 na mafuta ya injini yabaki kwenye kabati. Yanaweza kuvimbisha oringi, na oringi iliyovimba inaburuza. Bolti inayoburuza haiwezi kusetiwa.

## Kabla ya kugusa

Barakoa usoni muda wote mtungi ukiwa umeunganishwa kwenye marka, hata kama uko sebuleni. Soksi iwe kwenye mtutu isipokuwa unapopiga mbele ya kipima kasi. Unapofungua marka, toa mtungi kwanza, kisha fyatua ukielekeza pasipo na mtu mpaka usikie hewa imekwisha. Marka iliyotolewa mtungi bado ina hewa ndani, na hewa hiyo inatosha kurusha pistoni (inayosukuma bolti) ikakuumiza kidole.

Pia andika namba ulizozikuta: kasi, mipangilio ya menyu, na uchore mstari wa kalamu kwenye skrubu ya kila regyuleta. Ukipotea utapata njia ya kurudi.

## Hatua ya 1: Hakikisha mpira unakatwa, haupasuki

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna mpira uliokatwa na bolti, na kuna mpira uliopasukia ndani ya mtutu. Kwa anayetazama mbele vyote ni ukungu wa rangi, lakini dawa ni tofauti kabisa.

Baada ya tukio, simamisha, toa hewa, ng'oa mtutu na uchomoe bolti. Tazama:

Rangi ikiwa kwenye uso wa bolti, kwenye macho na chini ya shingo ya hopa (chombo cha mipira juu ya marka), pamoja na vipande vya ganda vyenye kingo kama vimekatwa kwa mkasi, huo ni mpira uliokatwa. Endelea na mwongozo.

Chemba ikiwa safi na rangi imeanzia sentimita kadhaa ndani ya mtutu, bolti haina kosa. Mpira umepasuka njiani, na sababu ni mipira mibovu, mtutu mwembamba au mkwaruzo ndani ya mtutu. Maliza hatua ya 2 kisha urudi uwanjani.

Rangi ikiwa pande zote mbili, safisha kila kitu, piga mipira 20 polepole, kisha angalia tena. Mpira mmoja uliokatwa huchafua mtutu, na mtutu mchafu hupasua mingine minne, kwa hiyo ushahidi wa mwanzo hufichwa na fujo iliyofuata.

## Hatua ya 2: Mipira na mtutu

Ganda la mpira ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu. Mfuko ulioachwa wazi usiku mmoja kwenye joto la Pwani, iwe Mombasa au Dar es Salaam, asubuhi unakupa mipira iliyovimba na kuwa laini. Kwenye baridi kali ganda hukauka na kuvunjika kama kioo. Hakuna seti ya regyuleta inayoweza kuokoa mpira uliokwisha kuharibika.

Mpira wa kawaida ni wa kaliba .68, yaani kipenyo cha takriban milimita 17.3, ila ukubwa halisi hubadilika kidogo mfuko kwa mfuko. Fanya jaribio la pumzi: mtutu ukiwa umetolewa, ingiza mpira upande wa nyuma. Ukidondoka wenyewe hadi upande wa pili, mtutu ni mpana. Ukikwama hata ukipuliza kwa nguvu, ni mwembamba. Unaotakiwa ni mpira unaokaa bila kudondoka, na kutoka ukipuliza pumzi moja ya nguvu.

Mtutu mpana una uhusiano na kukatwa kwa mipira, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mpira usioshikwa na mtutu unategemea vizuizi peke yake. Ukikimbia na mtutu umeinama, mpira unateleza mbele, wa pili unashuka nusu, na bolti inaukuta huo wa pili shingoni.

Umefanikiwa ukiona: mipira 10 uliyoichagua bila mpangilio yote inapita jaribio la pumzi kwa namna moja.

## Hatua ya 3: Vizuizi na macho

Toa hewa. Fungua vifuniko vya macho pande zote mbili. Chini yake, kwenye marka nyingi za aina hii, utakuta vizuizi na vijicho vya infraredi: kimoja kinatoa mwali, kingine kinaupokea. Angalia nyaya zisinaswe na kifuniko wakati wa kurudisha, maana waya uliobanwa hufanya kazi leo na kukata mawasiliano kesho katikati ya mchezo.

Chukua kizuizi ukibonyeze kwa ukucha. Kizima hurudi mara moja na ncha yake ni ya mviringo. Kilichochoka kina ncha bapa, kimepasuka shinani, au kinabaki kimelala. Badilisha vyote viwili hata kama kimoja tu ndicho kibaya. Vikitofautiana ugumu, mpira unasukumwa upande mmoja wa chemba na bolti inaukuta umekaa pembeni.

Macho yasafishe kwa pamba yenye unyevu kidogo, kisha pamba kavu. Rangi iliyokauka ilainishe kwa maji ya uvuguvugu, usiikwangue.

Rudisha vifuniko. Kaza skrubu mpaka zishike, basi.

Sasa majaribio mawili. La kwanza bila hewa: ingiza mpira mmoja kupitia shingo ya hopa, inamisha marka mdomo ukitazama chini, uitikise kidogo. Mpira ubaki. Weka wa pili juu yake na uusukume kwa kidole kwa upole. Wa kwanza usipite vizuizi. Ukipita, vizuizi ni laini mno au umevirudisha kinyume.

La pili ni la macho. Washa marka, mtungi bado haujaunganishwa, macho yakiwa yamewezeshwa. Chemba ikiwa tupu, taa ionyeshe hakuna mpira. Ukiingiza mpira ibadilike mara moja, ukiutoa irudi. Rudia mara kumi. Ikisitasita hata mara moja, fungua usafishe tena.

Sababu ya ukali huu ni kwamba jicho lililozibwa na rangi huiambia bodi (saketi ya umeme ya marka) kuwa mpira upo muda wote. Bodi nyingi hugundua hitilafu hiyo na kupunguza mwendo wa kufyatua, na mchezaji hulalamika kuwa marka imekuwa nzito, bila kujua inamkinga. Akizima macho ili ipige haraka, mipira inaanza kukatwa.

## Hatua ya 4: Bolti na pistoni zitembee bila kuburuza

Toa bolti na pistoni. Futa grisi yote ya zamani. Ikiwa imegeuka rangi ya kijivu au ina chembe za mchanga, usiongeze mpya juu yake.

Kagua oringi moja moja kwa kuivuta kidogo kati ya vidole chini ya mwanga. Ukiona ufa, ubapa au sehemu iliyolika, badilisha kwa saizi ileile. Oringi nene kidogo inaingia, ndiyo, lakini itakuponza hatua ya 6.

Paka grisi nyembamba. Oringi ing'ae bila kuwa na tonge. Grisi nyingi kwenye pistoni husukumwa kuelekea solenoidi, na grisi nyingi kwenye bolti hufika kwenye macho. Kamwe usidondoshe mafuta kwenye mlango wa hewa wa marka ya elektroniki kama unavyofanya kwenye marka zisizo na umeme.

Rudisha, hakikisha pini ya bolti imeingia kikamilifu kwenye tundu lake. Kabla ya kuunganisha mtungi, sukuma bolti mbele na nyuma kwa mkono. Iende kwa uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, bila sehemu ya kugoma.

Sasa unganisha mtungi, umeme ukiwa umezimwa, barakoa usoni. Mulika kwa tochi ndani ya shingo ya hopa ukitazama kwa pembeni. Ncha ya bolti isionekane kabisa ndani ya tundu la kupitisha mpira. Ikiwa imechungulia hata milimita mbili, mpira hautakaa chini, utaegemea ncha ya bolti, na utakatwa hata nguvu ikiwa ndogo kiasi gani. Bolti inayochungulia ni dalili kuwa pistoni hairudi mpaka mwisho: uchafu, oringi iliyochoka, au presha ndogo mno kwenye regyuleta ndogo. Kama umesafisha na bado inachungulia, kumbuka hilo, tutalikuta hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Regyuleta kubwa, kasi ya kuanzia

Regyuleta kubwa ndiyo inayolisha valvu, na ndiyo unayoitumia kuweka kasi ya mpira. Marka nyingi za muundo huu huwa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 150 na 200 hapa.

Weka menyu kwenye mipangilio ya kiwandani, mwendo wa kufyatua uwe wa risasi moja moja, macho yamewashwa. Piga mipira mitano kwenye kipima kasi na uchukue wastani. Rekebisha mpaka upate karibu futi 270 hadi 280 kwa sekunde. Viwanja vingi vina kikomo cha 280 au 300. Fuata cha uwanja wako, usikivuke hata wakati wa kuseti.

Upande wa kuzungusha skrubu ili presha ipande hutofautiana marka kwa marka, na kuna zinazopandisha ukizungusha kinyume na saa. Zungusha moja ya nane tu, piga, soma namba. Kila ukipunguza, fyatua mara tatu au nne ukiwa huna mpira ndani (macho uyazime kwa muda) ili presha ya zamani itoke, la sivyo utasoma namba ya uongo.

Ukishafika hapo, usiguse tena regyuleta kubwa mpaka hatua ya 7 imalizike. Ukigusa zote mbili kwa wakati mmoja hutajua ipi imefanya nini.

## Hatua ya 6: Regyuleta ndogo, moyo wa kazi

Hii ndiyo iliyoandikwa LPR (low pressure regulator) kwenye vitabu vya marka, mara nyingi iko mbele, chini ya mtutu. Inapunguza presha na kuipeleka kwenye solenoidi, solenoidi inaipeleka nyuma ya pistoni. Pistoni inafanya kazi mbili katika mwendo mmoja: inabeba bolti kuufunga mpira ndani ya mtutu, kisha inagonga valvu ifunguke.

Mvutano uko hapo. Bolti inataka nguvu ndogo ili isiumize mpira, valvu inataka nguvu ya kutosha ili ifunguke sawasawa. Unatafuta nguvu ndogo kuliko zote ambayo bado inafungua valvu kikamilifu. Ukizidisha, kasi haiongezeki, unaongeza tu kishindo cha bolti.

Fanya hivi:

1. Punguza regyuleta ndogo mpaka marka ifyatue kwa uchovu, kasi ikiwa chini kabisa au bolti ikishindwa kurudi. Fyatua mara tano tupu.
2. Ongeza moja ya nane ya mzunguko. Piga mipira mitatu. Andika wastani.
3. Ongeza tena moja ya nane. Piga, andika.
4. Endelea mpaka kasi iache kupanda.

Kwenye karatasi utapata kitu cha namna hii, kwa mfano: 241, 258, 270, 277, 280, 281, 280. Soma mfululizo huo vizuri. Mwanzoni kila moja ya nane inakupa futi kumi na zaidi, maana valvu ilikuwa inafunguka nusu. Halafu ongezeko linapungua. Kuanzia 280 hakuna kinachoongezeka. 281 na 280 ni tofauti za mipira tu. Valvu imeshafunguka yote.

Rudi kwenye alama ya 280 ya kwanza. Hapo ndipo pako. Fyatua mara tano tupu, kisha hakikisha kwa mipira kumi: tofauti kati ya mpira wa kasi na wa polepole iwe ndani ya futi 10. Chora alama mpya ya kalamu kwenye skrubu.

Ukiwa na geji ya regyuleta ndogo, marka nyingi za aina hii hutulia kati ya psi 60 na 90. Itumie namba hiyo kujihakikishia, usiilenge. Kasi ndiyo inayokuambia ukweli wa marka yako, oringi zako na grisi yako.

Kama bolti ilikuwa inachungulia kwenye hatua ya 4, mulika tena sasa. Ikiwa imerudi yote, presha ilikuwa ndogo. Ikiwa bado inachungulia na kasi ni tulivu, tatizo ni la kimakenika: oringi nene, uchafu, au pini iliyopinda. Usiendelee kuongeza presha kulazimisha irudi.

Ukiona hivi umezidisha: marka inaruka mkononi kuliko mwanzo, kuna mlio wa chuma kugonga chuma, au unasikia mgongano wa pili mdogo baada ya risasi. Huo wa pili ni pistoni ikidunda.

## Hatua ya 7: Muda wa solenoidi

Menyu nyingi hukiita kipengele hiki Dwell. Ni milisekunde ambazo solenoidi inashikilia pistoni mbele. Ukiwa mrefu, unapoteza hewa bure na bolti inachelewa kurudi, nafasi ya mpira kushuka na kutulia inapungua. Ukiwa mfupi, valvu inafunga kabla hewa haijapita.

Punguza milisekunde moja (bodi nyingine zinakuruhusu nusu), piga mipira mitatu, andika. Endelea mpaka kasi ianguke ghafla kwa futi 5 au zaidi. Rudisha hatua moja juu ya hapo ilipoanguka, kisha ongeza moja ya tahadhari.

Hiyo ya tahadhari ni kwa ajili ya betri. Betri ikichoka, solenoidi huvuta polepole, na seti iliyo ukingoni itaanza kusumbua mchezo wa tatu wa siku ingawa asubuhi ilikuwa nzuri.

Sasa rudi kwenye regyuleta kubwa, weka kasi ya mwisho unayoitaka kwa ajili ya uwanja. Ikiwa umesogea zaidi ya futi 15 kutoka ulipokuwa, pitia tena hatua ya 6 kwa haraka, maana presha inayokaa juu ya valvu imebadilika na nguvu ya kuifungua nayo imebadilika.

## Hatua ya 8: Hopa

Hopa dhaifu inachelewesha mpira, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni hopa kali. Hopa za kusukuma, kama Rotor ya Dye au Spire ya Virtue, hubana safu nzima ya mipira. Ikisukuma mno, mpira wa chini unapitishwa kwenye vizuizi na wa pili unaingia nusu. Utabadilisha vizuizi kila mwezi ukidhani ni vibovu.

Anza na nguvu ya chini kabisa inayoruhusiwa na hopa yako. Weka marka kwenye mwendo wa kasi zaidi unaouchezea, piga mipira 30 mfululizo. Marka ikisita kusubiri mipira, panda ngazi moja. Haisiti? Acha hapo.

## Hatua ya 9: Jaribio la mrija

Unataka kuona kwa macho kama nguvu ya bolti imepungua. Vaa barakoa, weka soksi ya mtutu, toa hopa, zima macho. Shusha mrija wa soda kupitia shingo mpaka uguse sakafu ya chemba, uushike kwa juu, vidole viwe nje ya shingo. Fyatua mara moja.

Marka isiyosetiwa huukata mrija au kuuacha umekunjika kwa mstari mkali mweupe. Iliyosetiwa vizuri huuacha na kibonyeo cha mviringo. Linganisha na mrija uliojaribu kabla ya hatua ya 6, kama ulifanya hivyo. Safisha chemba baadaye. Kipande cha plastiki kikibaki humo kitakusumbua kuliko rangi.

Usijidanganye kwamba mrija ukipona, mipira nayo itapona macho yakizimwa. Pistoni ya kugonga valvu lazima iwe na nguvu fulani, na mpira mkavu ulioshuka nusu unaweza kupasuka hata hivyo. Seti hii inakupunguzia madhara pale macho yanapodanganyika. Kinga ya kwanza ni macho. Yawashe tena sasa hivi, kabla hujasahau.

## Hatua ya 10: Risasi ya kwanza baada ya mapumziko

Weka marka chini dakika tano, mtungi umeunganishwa na mpira uko chembani. Kisha piga mpira mmoja kwenye kipima kasi, ufuatishe wa pili na wa tatu.

Ya kwanza ikiwa chini kwa futi 15 au zaidi, oringi zimenata wakati wa kupumzika. Angalia grisi kwanza. Ikiwa iko sawa, ongeza regyuleta ndogo moja ya nane, si zaidi. Bodi nyingi pia zina kipengele kiitwacho FSDO (first shot drop-off) kinachoongeza milisekunde chache kwa risasi ya kwanza tu. Kitumie kabla ya kupandisha presha ya kudumu, kwa sababu hakiongezi ukali kwa mipira mingine.

Ya kwanza ikiwa juu, hiyo ni hadithi nyingine. Regyuleta kubwa inavujisha ndani polepole na presha inapanda marka ikiwa imekaa. Badilisha kiti chake (sehemu ya ndani inayoziba hewa) na oringi zake kabla ya kuingia uwanjani, maana mpira huo wa kwanza unaweza kuvuka kikomo ukampiga mtu.

Na kuna ile ya tatu, inayowachanganya hata mafundi: kasi ya kwanza ni ya kawaida, lakini kishindo ni kikubwa na mpira unakatwa baada ya kila mapumziko tu. Hapo ni regyuleta ndogo inayovuja ndani. Presha ya regyuleta kubwa inapenya taratibu mpaka kwenye njia inayolisha pistoni. Kasi haibadiliki kwa sababu valvu ilikuwa inafunguka yote tayari, kama ulivyoona kwenye ule mfululizo wa namba. Unaweza kuseti hatua ya 6 mara kumi na tatizo litarudi kila ukikaa. Dawa ni kufungua regyuleta ndogo, kusafisha kiti na kubadilisha oringi zake.

## Ukikatwa mpira katikati ya mchezo

Usiendelee kupiga ukitumaini rangi itajisafisha. Toka, toa hewa, chomoa bolti na uifute uso wake. Vuta kitambaa cha mtutu kutoka nyuma kwenda mbele, usirudi nyuma, usirudishe rangi kwenye chemba. Pitisha pamba moja kwenye kila jicho. Kagua vizuizi visiwe na kipande cha ganda chini yake. Kipande chembamba kama ukucha kinatosha kukiinua kizuizi kikabaki wazi.

Toa pia mipira miwili ya juu iliyokuwa shingoni. Imelowa rangi, na mpira uliolowa unateleza kwenye vizuizi kama sabuni. Itupe, usiirudishe kwenye hopa.